Katambuga Nne za Kushoto

Baada ya matanga ya mama tuligawana vitu vyake vyote, hata sufuria lililotoboka, isipokuwa viatu vinne vya mguu wa kushoto. Vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Vyote ni katambuga, vile viatu vya tairi wanavyovaa wachungaji wetu. Juu vilijaa vumbi la miaka, lakini chini tairi lilikuwa na meno yake yote, halijawahi kukanyaga ardhi. Mke wa kaka yangu alivishusha akacheka. "Sasa hivi ni vya nani? Mbona vyote vya upande mmoja?" Kaka Shija alitoka nje akajifanya anaangalia ng'ombe. Mimi nilivichukua, nikavinusa, na ile harufu ya mpira ikaniketisha pale pale kwenye kitanda cha marehemu. Nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, na wifi yangu maskini akadhani ni yeye kanikosea.

Baba yangu alikuwa mcheza ngoma. Alilima pamba pia na alikuwa na ng'ombe wachache, lakini hayo kijijini kwetu, upande wa Dutwa, kila mtu alikuwa nayo. Ngoma hakuwa nayo kila mtu. Ninyi wa rika langu mliokulia Usukumani mnakumbuka mambo yalivyokuwa pamba ikishavunwa. Vyama vya ngoma ni viwili, na sisi tulikuwa Wagalu, maana tulizaliwa kwenye nyumba ya Wagalu na hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Mahasimu wetu wa msimu walikuwa Wagika. Pande zote mbili zilikutana uwanja mmoja, kila upande na manju wake, yule mwimbishaji, na dawa zake, zikacheza kwa wakati mmoja. Hapakuwa na mwamuzi wala alama. Ulioshinda ni upande uliovuta watu wengi, na watu walikimbia kutoka huku kwenda kule siku nzima, kama mtama kwenye ungo.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa tunashindwa vibaya. Wagika walileta chatu. Kijana wao alijizungushia yule nyoka shingoni, akamlaza kichwa begani kama mtoto mwenye usingizi, na uwanja wote ukahamia kwao. Upande wetu tulibaki wake za wachezaji na watoto wao, na mbwa mmoja. Manju wetu, Mzee Nkuba, aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini wapi. Baba alikuwa anacheza kwa kurudi nyuma, njuga zinalia miguuni, mabega yanatikisika, macho ameyapeleka mbinguni. Karibu na wapiga ngoma kulikuwa na moto wa kupashia ngoma, ili ngozi zikaze. Baba akarudi nyuma, akarudi tena, akakanyaga makaa. Unyayo mzima wa kushoto. Akaendelea kucheza.

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Baba akamtazama kwa mshangao, kisha akatazama chini, akaona mguu wake ulipo. Hakuruka. Kwa muda mfupi sana kitu kilimpita usoni ambacho mimi, mtoto wa darasa la tatu niliyekuwa karibu yake kuliko wote, nilikiona na sikukielewa. Halafu akatabasamu, akaleta na mguu wa pili juu ya makaa.

"Hiyo ndiyo dawa!" Mzee Nkuba alipasua sauti. "Njooni muone dawa ya Wagalu! Moto unamwogopa mtu!"

Watu walimwacha chatu. Walikuja kama maji ya mto Simiyu yanapokuja wakati wa masika, na tukashinda. Nilibebwa juujuu kwa sababu tu mimi ni mwanawe. Nilisikia harufu ya kwato ya mbuzi inapochomwa ili ibanduliwe, na katika furaha yangu nilidhani kuna mtu anachinja kusherehekea ushindi wetu.

Kuanzia siku hiyo baba alikuwa mtu wa moto. Msimu ule na uliofuata aliitwa mpaka Nassa na Mwamanyili, na kila alipofika moto uliandaliwa kabla hata ya ngoma. Pombe hakunywa, kwa hiyo waliompenda walimnunulia soda. Alikuwa anaweza kumaliza soda tatu mfululizo, kisha akaomba maji, akainua kibuyu na kukishusha kikiwa kitupu. Nyumbani alikunywa hivyo hivyo. Mama alikuwa anarudi kisimani mara mbili zaidi ya wanawake wenzake. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, na niliwapa wenzangu shuleni kwa uhakika wa mwalimu: ukikanyaga moto sana, moto unapanda ndani, ndiyo maana lazima unywe maji, uuzime.

"Baba Shija, unakonda," mama alimwambia siku moja akimkazia mkanda tundu jipya alilotoboa kwa msumari.

"Umeona wapi mcheza ngoma mnene?"

"Na hiyo miguu. Husikii?"

"Nasikia joto kwa mbali."

Mama alimvuta mguu akaupakata. Alikuwa anampaka samli ya ng'ombe kwenye malengelenge, taratibu, kidole kwa kidole, na baba anapiga hadithi huku anacheka kama vile miguu inayopakwa ni ya mtu mwingine. Mimi nilijivunia hata hilo. Watoto wengine baba zao walikuwa na ng'ombe wengi. Mimi wangu alikuwa na miguu.

Sasa nije kwenye jambo langu. Nilikuwa na rafiki akiitwa Limi, binti wa nyumba ya Wagika, tulikaa dawati moja. Limi alikuwa na mdomo. Alisema baba yangu ni mwongo, kwamba anapakwa mafuta ya mnyama fulani kabla ya kucheza, na bila mafuta hayo hata mchanga wa saa saba mchana unamshinda. Nilimwambia baba yangu hahitaji mafuta, dawa iko ndani ya damu. Tukabishana kutwa nzima. Mwisho tukawekeana dau la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mfuko wa sketi uliojaa. Baba alikuwa na kawaida ya kulala kidogo mchana, amejilaza juu ya ngozi kwenye kivuli cha ghala, nyayo zinaangalia njia. Tulinyata. Nilikuwa na mwiba wa mgunga, mmoja wa ile mirefu myeupe, na nikauchoma kwenye unyayo wa kushoto, chini ya kidole gumba. Ulizama kirahisi. Baba aliendelea kukoroma. Nikausukuma tena ili Limi aone vizuri, ukakatikia ndani.

Limi aliweka mkono mdomoni. "Utoe," alinong'ona.

"Dawa itautoa yenyewe," nilimwambia.

Na nilikuwa naamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikufanya kwa ubaya, nilifanya kwa imani. Limi alinilipa matobolwa yangu, nikayala yote njiani bila kumgawia. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Kama wiki tatu baadaye nyumba yetu ilianza kunuka. Ulikuwa ni msimu wa pamba kusubiri mnunuzi, na kama nyumba nyingi kwetu, pamba ilikuwa imerundikwa chumbani hadi karibu na paa, sisi tunalala pembeni yake. Mama alisema panya amefia kwenye pamba. Tulianza kumtafuta. Tuliitoa pamba yote nje, mimi na mama na Shija, tukaitandaza juu ya mikeka, tukaichambua fundo kwa fundo. Hakukuwa na panya. Tukairudisha. Harufu ikawa bado ipo. Mama akasema basi amefia kwenye paa, Shija akapanda akachokonoa nyasi siku nzima. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akituelekeza. "Hapo kulia. Hapana, rudi. Mimi naisikia kama inatokea huku huku karibu." Shija alishuka na nyasi kichwani, akapita mbele ya baba, akasimama. Akarudi hatua moja nyuma. Kisha akamtazama mama.

Mama alipiga magoti akamvua baba kiatu. Sitaeleza alichokiona. Nitasema tu kwamba mama, mwanamke aliyezoea kuzalisha ng'ombe kwa mikono yake, aligeuza uso. Baba alinyanyua mguu akautazama chini kwa udadisi. "Kumbe panya ni mimi," alisema. Alitaka tucheke, na hakuna aliyeweza.

Walimpakia kwenye baiskeli ya jirani mpaka Bariadi mjini, na kutoka pale akapelekwa kwenye hospitali kubwa Mwanza. Mama alikwenda naye. Aliporudi kuchukua nguo alitueleza maneno ya daktari, na alieleza kwa hasira, kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Wanasema ana sukari. Nikamuuliza yule daktari, baba, sukari ya wapi? Sisi sukari tunainunua pamba ikiuzwa. Hiyo ya kumjaa mtu mpaka miguuni ameilia wapi?" Kijijini nao walishangaa. Walisema huo ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini wenye matumbo. Wengine walisema ni Wagika wamelipiza kisasi, na Mzee Nkuba, ambaye labda aliogopa dawa yake isionekane ya uongo, hakuwakanusha.

Mguu ulikatwa chini kidogo ya goti. Baba alirudi akiwa kwenye magongo, amenyolewa, mdogo. Watu walipokuja kumpa pole alikuwa anawasimulia kama vile anasimulia ngoma. "Daktari alipoupasua huo mguu alikuta ghala. Miiba mitatu, na kipande cha chupa! Nimetembea navyo, sijui tangu lini." Wageni walicheka na kutikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la uji, na sikusikia kingine ila hiyo hesabu. Miiba mitatu. Mmoja ni wangu. Nilitaka kuuliza ni mwiba gani ulioanza kuuozesha mguu, kama vile daktari angekuwa ameandika. Sikuuliza. Niliacha kula matobolwa, na mama alidhani nina minyoo.

Ndipo viatu vikaanza. Baba alikwenda sokoni Bariadi kutafuta katambuga ya mguu wa kulia. Fundi alimwangalia, akaangalia mguu uliobaki, akasikitika kwa kweli, lakini alikataa kuuza kimoja. "Nikikupa cha kulia, mzee wangu, mwenzake nitamvisha nani?" Baba akanunua jozi. Cha kushoto mama alikitundika. Mtu wa mguu mmoja anauchosha kuliko mtu wa miwili, kwa hiyo cha kulia kilikwisha haraka, akanunua jozi nyingine, na cha kushoto kikaenda msumarini. Baba hakutaka vitupwe. Alisema lazima kuna mtu mahali fulani katika nchi hii ya Wasukuma amebaki na mguu wa kushoto tu, na mtu huyo anafanya ujinga ule ule kwa upande wake. Wakikutana watakuwa wananunua jozi moja kwa watu wawili. Aliuliza kila mpita njia. Aliuliza mnadani, aliuliza kanisani. Miezi na miezi hakupatikana mtu. Siku zile mtu aliyekatwa mguu alikuwa ni habari, watoto walimfuata nyuma.

Halafu dereva mmoja wa lori la pamba akamwambia yupo mvuvi Kiloleli, hana mguu mmoja. Baba alifurahi kama kijana aliyesikia habari za mchumba. Alivaa shati la Jumapili. Nilikwenda naye mimi kwa sababu Shija alikuwa na ng'ombe, na kazi yangu ilikuwa kubeba kikapu chenye katambuga mbili za kushoto. Baba alitaka mvuvi achague mwenyewe.

Tulimkuta yule mvuvi ameketi nje ya nyumba yake anashona wavu.

"Mwadila," baba alimsalimu.

"Mwadila, ngosha. Mhola?"

"Mhola duhu. Nimekuletea viatu."

Mvuvi aliinua kitenge alichojifunika. Mguu uliokosekana ulikuwa wa kushoto. Walitazamana. Kisha yule mvuvi akamwita mkewe, mkewe akaingia ndani akatoka na katambuga tatu, zote mpya, zote za kushoto, akaziweka chini karibu na zetu. Wakacheka wale wawili mpaka machozi, wanapigana mabega, na mimi nikacheka pia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mvuvi akatuhadithia mamba aliyemchukulia mguu wake pale ziwani, alivyomwona akija, alivyopigana naye kwa kasia.

"Wewe una bahati," baba alimwambia, na sasa hakuwa anacheka. "Ulimwona aliyekula. Mimi wangu uliliwa watu wananishangilia."

Tulikaa kando ya barabara tukisubiri gari la kurudi. Jua lilikuwa bado kali. Nilijua nisipolitoa langu siku hiyo nitakufa nalo. Nikamwambia. Nilimwambia habari za Limi, na dau, na mwiba wa mgunga, na kwamba niliusukuma mara ya pili. Niliyasema yote nikiangalia kikapu.

Baba aliwatazama ng'ombe wa mtu fulani hadi wakapita wote.

"Ulichoma wapi?"

"Chini ya kidole gumba."

"Na sikuamka."

"Hukuamka, baba."

Akavuta pumzi. "Na mimi nikwambie langu, ng'wanone, usilimwage nyumbani. Ile dawa ya Nkuba haikuwa dawa. Miguu yangu ilikuwa imeshakufa ganzi tangu wakati wa palizi. Usiku ilikuwa inanichoma kama upupu, mchana haipo. Nilipoona nimesimama kwenye makaa pale uwanjani niliogopa, nikajua nina ugonjwa. Lakini watu walikuwa wanakuja, mwanangu. Wote walikuwa wanakuja kwetu. Nilisema nitakwenda kupima kesho. Nikasema hivyo misimu miwili."

Nilikumbuka kile kitu kilichompita usoni. Kilikuwa hofu, nami nilikiona, na nikapiga makofi.

Alinyosha mguu wake wa kulia, akavua katambuga. Akaokota mwiba pale chini, akanipa. Nilitikisa kichwa, nikaanza kulia. "Chukua," alisema. "Safari hii tunajua tunachofanya. Mimi nafumba macho. Choma kidogo, nione kama huu bado ni wangu."

Alifumba macho, mikono juu ya magongo. Nilichoma kisigino. Nikangoja aseme kitu. Nikachoma katikati ya unyayo, nikachoma chini ya kidole gumba, mahali pale pale. Uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza redio.

"Mbona huchomi?" akauliza.

Alifumbua macho, akaona vitone vitatu vya damu, akaelewa. Hakusikitika kwa sauti. Alinishika kichwa akakiegemeza kwenye ubavu wake, na alikuwa akinuka jasho na sabuni ya Jumapili. "Basi mguu huu utausikia wewe," alisema. "Macho yako ndiyo yatakuwa maumivu yangu. Unaweza?"

Niliweza. Kila jioni nikitoka shule niliweka maji kwenye beseni, nikamwosha, nikamkausha katikati ya vidole, nikakagua unyayo kama mtu anayechagua mchele. Mchubuko ukiwa mdogo kama punje nilipiga kelele nyumba nzima. Nilikung'uta katambuga yake kabla hajaivaa. Mwenyewe alinicheka, akaniita bwana afya. Siku ya kliniki alikwenda mjini, wakati mwingine dawa zipo, wakati mwingine anaambiwa arudi wiki ijayo, na tulipokosa dawa mimi nilizidisha kuosha, maana hicho ndicho nilichokiweza. Nilipokwenda sekondari nilikataa bweni. Nilikuwa naendesha baiskeli kwenda na kurudi kwa ajili ya mguu mmoja, na mguu ule haukupata hata kidonda kimoja. Kwa hilo najivuna na nitajivuna mpaka naingia kaburini.

Nikiwa kidato cha pili mguu ulianza kujaa. Ulikuwa mkavu wenye mifupa, sasa ukawa laini, umenona, ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Uso wake nao ulijaa. Nilikwenda mbio jikoni kumwambia mama baba ameanza kunenepa. Mama aliniangalia, akaweka mwiko chini. Kwa siku kadhaa nilizunguka na furaha yangu hiyo, na nilimwambia hata Limi, ambaye tulikuwa bado marafiki. Kumbe ni figo. Sisi tulikuwa tumelinda mlango kwa miaka minne, mwizi akapitia dirishani. Walituambia Mwanza kwamba ni ile ile sukari, kwamba haiishii miguuni. Hakuna aliyekuwa ametuambia kabla, au walituambia na sisi tulisikia miguu tu.

Kabla hajafa alitaka kuoshwa mguu. Niliosha. Alikuwa haoni vizuri, akaniuliza uko vipi. Nikamwambia mzima. "Wabeja," akasema, asante, kama vile nimempa maji tu. Tulimzika na mguu wake wa kulia, na pale nyuma ya mlango zikabaki katambuga nne.

Mwaka juzi nilipewa kadi yangu ya sukari mimi mwenyewe. Nilianza kwa kunywa maji, na sikungoja msimu wa pili. Siku yangu ya kliniki hapa Bariadi ni Jumatano, na Jumatano iliyopita nilikwenda na zile katambuga nne kikapuni. Sikuwa na hakika nataka kufanya nini. Nilifikiri labda nitamwomba muuguzi anisaidie kuulizia, kama baba alivyoulizia, mwezi hadi mwezi.

Benchi zilikuwa zimejaa mpaka nje. Palikuwa na wazee, lakini palikuwa pia na vijana wa bodaboda, mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha, mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna aliyemshangaa mwenzake. Nilipata nafasi karibu na mzee mmoja mwenye magongo, na nilipotazama chini nikaona amebaki na mguu wa kushoto. Nilitoa katambuga moja nikamwekea mbele yake. Aliivaa, akakaza mkanda, akakanyaga sakafu mara mbili kuijaribu.

"Inanitosha," alisema. "Ya nani?"

Kabla sijamjibu, mwanamke wa benchi la mbele aligeuka akauliza kama ninazo nyingine. Kijana mmoja kutoka mlangoni aliinua mkono. Ya nne mwanamke mmoja alimpelekea mumewe. Baba alitembea nchi nzima na matumaini yake akimtafuta mtu mmoja, na mimi zilikwisha kabla muuguzi hajaita jina langu. Nilikunja kikapu, nikainama ili wasinione usoni.

Mzee mwingine wa pembeni ya ukuta aliniita kwa upole. Alisogeza shuka lake; alikuwa amebaki na mguu wa kulia. "Na za kulia je, binti yangu? Za kulia huna?"

"Sina, baba," nilimwambia. "Za kulia zilivaliwa zote."